Mnyama Huchaguliwa Uani Kabla ya Sokoni

Mtu akitaka mnyama mdogo wa kufuga nyumbani, swali la kwanza huwa ni bei, na hapo ndipo anapoanza kupotea. Paka wa kienyeji hapa Mbeya hupatikana bure kwa jirani ambaye paka wake kazaa. Mtoto wa mbwa hutolewa na mtu anayetafuta pa kumpeleka kabla hajawa mkubwa. Sungura na simbilisi nao hawana bei ya kutisha. Kwa hiyo siku ya kumchukua, karibu kila mnyama huonekana rahisi. Gharama huja baadaye, kidogo kidogo, na kwa kuwa inakuja kidogo kidogo hakuna anayeiandika. Chukua mfano wa hesabu tu, kisha uweke bei ya sokoni kwako: paka anayenunuliwa dagaa wa shilingi 300 kwa siku anamaliza shilingi 109,500 kwa mwaka. Paka anayetunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Yule uliyepewa bure atakuwa amekula zaidi ya milioni moja kabla hajapata hata sindano moja. Ninachotaka ukubali kabla hujaenda popote ni kwamba mnyama wa bei nafuu ni yule ambaye chakula chake na makazi yake tayari vipo nyumbani kwako, ili hela taslimu, hata ikiwa ndogo, ibaki kwa mambo mawili matatu ambayo huwezi kuyaokota uani.

Tuitazame Iyunga, kata yetu hapa jijini Mbeya, maana ushauri wa ufugaji ulioandikwa kwa ajili ya watu wa Dar es Salaam au wa Ulaya haukidhi huku. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Juni na Julai usiku ni baridi kweli kweli. Kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei ni mvua na matope, na ikifika Septemba ni vumbi na nyasi kavu. Iyunga ina viwanda, ina stesheni ya TAZARA, na iko kwenye barabara kuu iendayo Tunduma, ambako malori hayakatiki usiku na mchana. Wengi wanaishi nyumba za kupanga, chumba au chumba na sebule, familia kadhaa zikitumia uani mmoja, bomba moja na choo kimoja. Yote haya yanaingia kwenye hesabu. Barabara inaua paka na mbwa wanaozurura. Baridi haimsumbui mnyama mwenye manyoya aliye pakavu, ila inamuua haraka aliyelala pabichi. Uani wa pamoja maana yake kinyesi cha mnyama wako kinamhusu na mwenzako wa chumba cha pili. Kwa upande mwingine, sehemu kubwa ya mwaka majani mabichi yapo, na masoko ya Mwanjelwa, Sido na Uyole hutupa kila siku majani ya nje ya kabichi na majani ya karoti ambayo mnyama fulani anayahitaji kuliko hela yako. Swali la kwanza basi ni hili: nyumbani kwangu kuna kitu gani cha ziada? Majani, makombo ya mboga, panya, nafasi, au mtu mwenye muda?

Nyumba yenye watoto, yenye uani mdogo, isiyo na hela ya ziada kila wiki, ningeielekeza kwanza kwa simbilisi. Mnyama huyu alifugwa kwa mara ya kwanza na watu wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, maelfu ya miaka iliyopita, akavushwa na Wahispania mpaka Ulaya katika karne ya 16, na leo anafugwa sana Iringa, Njombe na Mbeya, mara nyingi mikononi mwa watoto wenyewe. Ubaridi wa milimani ni asili yake. Joto kali ndilo linalomshinda, na joto hilo Iyunga haina. Mkubwa ana uzito wa kilo moja hivi. Hapandi ukuta, haruki mbali, na ni nadra kuuma kama hajabanwa. Banda la mabanzi lenye sakafu ya mita moja kwa sentimita 60 linawatosha wawili, na ukuta wa sentimita 40 unatosha kumzuia asitoke. Hauwezi kumzuia paka asiingie, kwa hiyo juu yake lazima kuwe na wavu, na upande mmoja uezekwe kwa bati ili mvua isiwafikie. Liinue banda kwa miguu minne, kisha kila mguu uuweke ndani ya kopo lenye oili chafu kidogo. Siafu wakipita usiku wa mvua, mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia, na kopo la oili hupatikana kwa fundi gereji yeyote kwa bei ya kuomba.

Chakula cha simbilisi ni majani, na hapa kuna jambo moja ambalo wafugaji wengi hawalijui na ndilo linalowaua wanyama wao. Mwili wa simbilisi hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama ambavyo wetu hauwezi. Sungura anajitengenezea, mbwa na paka wanajitengenezea, simbilisi hapana. Wakati wa masika hutaona tatizo lolote kwa sababu nyasi mbichi zina vitamini hiyo ya kutosha. Tatizo huanza nyasi zinapokauka, mfugaji akaanza kuwalisha nyasi kavu na pumba za mahindi peke yake. Baada ya wiki chache mnyama anakuwa mzito kutembea, magoti yanavimba, manyoya yanasimama ovyo, anapiga kelele akiguswa, na watu wanasema amepigwa na baridi. Baridi haihusiki. Anachohitaji ni kitu kibichi kila siku: matembele, majani ya karoti, mashona nguo, maganda mabichi ya mahindi ya kuchoma, kipande cha pilipili hoho. Ndiyo maana nasema chakula chake kiko sokoni jioni, wakati wauza mboga wanafagia meza zao. Kabichi mpe kidogo, maana nyingi hujaza tumbo gesi. Osha kila kitu, kwa sababu mboga za huku hupigwa dawa, na usikate nyasi pembeni mwa barabara kuu wala mahali palipopuliziwa dawa ya magugu.

Na kwa kuwa tuko nyanda za viazi na maparachichi, liangalie hili kwa makini. Majani ya viazi mviringo, machipukizi yake na maganda yaliyogeuka kijani yana sumu. Majani ya nyanya vilevile. Parachichi, ambalo kwa Rungwe na Mbeya ni fahari na fedha, ni hatari kwa simbilisi, sungura na ndege wa kufugwa, na majani yake ni hatari zaidi ya tunda. Mtoto anayekwenda kukata majani anapaswa kuonyeshwa mimea hii kwa macho kabla hajapewa panga. Maneno matupu hayatoshi, kwa sababu jani la viazi mviringo na jani la kiazi kitamu kwa jina ni ndugu, wakati moja linaua na jingine linalisha.

Chukua majike wawili. Simbilisi ni mnyama wa kuishi na wenzake. Akiwa peke yake hunyong'onyea. Ila dume na jike ni hesabu nyingine kabisa. Mimba yake ni ya wiki tisa au kumi, watoto kwa kawaida ni wawili mpaka wanne, wanazaliwa na manyoya, macho wazi, na ndani ya siku chache wanatafuna majani. Mama anaweza kushika mimba nyingine ndani ya saa chache baada ya kuzaa, na mtoto wa kike anaweza kupata mimba akiwa na umri wa mwezi mmoja na siku kadhaa. Kwa hiyo madume hutenganishwa na mama na dada zao wakiwa na wiki tatu, si baadaye. Asiyetenganisha atajikuta na wanyama 20 kwenye banda la wawili, na hapo urahisi wote uliompeleka kwa simbilisi umekwisha. Tena usijidanganye kwamba utaongeza dume mwakani mambo yakiwa mazuri: jike ambaye hajawahi kuzaa mpaka akapita umri wa miezi saba hivi, mifupa ya nyonga yake hukaza, na mimba ya kwanza baada ya hapo inaweza kumuua pamoja na watoto.

Nyumba nyingi vijijini huwaacha simbilisi wazurure jikoni, karibu na mafiga, kwa sababu kuna joto na makombo. Desturi hii ni ya zamani, na hata huko Andes walifanya vivyo hivyo. Ubaya wake ni moshi. Mapafu ya simbilisi ni madogo na maradhi ya kifua ndiyo yanayowamaliza upesi zaidi. Kuleta jiko la mkaa ndani ya chumba ili wapate joto ni vibaya zaidi, kwa wanyama na kwa watu waliolala humo. Joto la usiku wa Julai hutoka kwenye malazi: tabaka nene la nyasi kavu au maranda yaliyoanikwa juani mpaka harufu ya utomvu ikaisha, sanduku dogo ambamo wawili wanaweza kujibanza, na gunia la kufunika upande wa upepo. Maranda hupatikana kwa mafundi seremala. Yabadilishe mara mbili kwa wiki, na uyatumie kwenye bustani. Kinyesi cha simbilisi ni mbolea nzuri.

Hapo mtu wa huku ataniuliza, na ana haki: simbilisi si kitoweo? Ni kitoweo, ndiyo, na wengi wanamfuga kwa ajili hiyo. Sioni kwamba jambo hilo linabomoa hoja. Linachodai ni kwamba nyumba iamue mapema, na iwaambie watoto ukweli. Mnyama aliyepewa jina, akalala mapajani kwa mtoto miezi sita, kisha akachinjwa mtoto akiwa shule, amefundisha kitu, ila si kile ulichokusudia. Kama banda ni la nyama liite la nyama, na kama ni la watoto liache libaki lao. Utunzaji ni uleule kwa vyote viwili, kwa sababu mnyama mgonjwa hafai mezani wala mapajani.

Sungura anakuja baada yake, na nitampita haraka. Faida yake ni kwamba hula majani yaleyale bila shida ya vitamini C. Hasara yake ni kwamba anahitaji nafasi kubwa zaidi, anachimba, ana nguvu miguuni, na akishikwa vibaya akapiga teke anaweza kujivunja uti wa mgongo. Meno yake hukua maisha yake yote, kwa hiyo nyasi zenye nyuzi ni dawa kuliko pumba, na pumba nyingi humnenepesha na kumharibu meno. Banda lenye sakafu mbichi humletea kuhara kunakoua watoto wake wengi kwa mara moja. Mwinue, na kinyesi kianguke chini. Majani yaliyorundikwa mpaka yakapata joto usimpe. Mimba yake ni ya siku 31 hivi, na mantiki ya majike wawili inamhusu pia, ingawa majike ambao hawajakua pamoja wanaweza kupigana. Ukisikia mtu anakuuzia sungura kwa ahadi kwamba atanunua watoto wake wote kwa bei kubwa, hiyo si habari ya mnyama wa nyumbani tena, ni biashara, na iangalie kwa jicho la biashara.

Kwa anayeishi chumba kimoja bila uani wake, au anayehifadhi gunia la mahindi ndani, mnyama ni paka. Hapa watu wengi watasema paka hagharimu kitu kwa kuwa anajilisha panya. Dai hilo ni nusu kweli. Watafiti waliotega kamera kwenye kiwanda cha taka cha New York, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018, waliona paka wa mtaani wakifanikiwa kuua panya wawili tu katika kipindi chote cha uchunguzi, ingawa panya walikuwa tele. Hao walikuwa panya wakubwa wa mitaroni. Panya wadogo wa darini na wa stoo paka huwakamata vizuri zaidi, na harufu yake tu huwafanya wajifiche. Hata hivyo somo ni kwamba paka mwenye njaa si mwindaji bora kuliko aliyeshiba, ni paka mwenye njaa tu, na atahamia kwa jirani au kwenye vifaranga vya watu. Mlishe. Tena mlishe nyama au samaki, kwa sababu paka si mbwa: mwili wake unahitaji viini vinavyopatikana kwenye nyama peke yake, na ugali kwa mchuzi, hata apewe sinia, hatimaye humharibu macho na moyo. Usipa wa Kyela au dagaa wowote, waliolowekwa kutoa chumvi na kuchemshwa, kiganja kimoja au zaidi kidogo kwa siku, pamoja na vipande vya utumbo na maini anavyokata mama jikoni, vinatosha. Maziwa ya ng'ombe si lazima. Paka wengi wakubwa huyaharisha. Maji ni lazima. Na ukiwa na paka, acha sumu ya panya kabisa, maana panya aliyekula sumu huishia mdomoni mwake.

Gharama ya paka inayosahaulika ni uzazi. Jike anaweza kupata mimba akiwa na miezi minne au mitano, mimba ni ya wiki tisa, na kwa mwaka anaweza kuzaa zaidi ya mara moja. Kumfunga kizazi kwa daktari wa mifugo ni gharama kubwa siku hiyo moja, na wengi huishia hapo wakasema haiwezekani. Ipime upya. Weka kando hela ya dagaa wa watoto wanne kwa miezi miwili kila wanapozaliwa, na muda wa kutafuta wa kuwapa, na usumbufu wa madume wanaolilia dirishani usiku. Halafu uone ni lipi ghali. Kwa mwenye kipato kidogo, jibu rahisi zaidi ni kuchukua dume na kumhasi. Upasuaji wake ni mdogo na bei yake kwa kawaida iko chini ya ule wa jike, na dume aliyehasiwa hazururi sana kuelekea barabarani.

Mbwa nimemwacha nyuma kwa makusudi. Hata mbwa mdogo wa kienyeji anakula kuliko wanyama wote niliowataja wakiwekwa pamoja, na kwenye nyumba isiyo na uzio, iliyo hatua chache kutoka barabara ya malori, maisha yake ni mafupi. Kwenye uani wa pamoja kuna pia suala la wenzako: familia ya Kiislamu inayotawadha kwenye bomba hilohilo haitafurahia mate ya mbwa kwenye ndoo, na mpangaji mwema huuliza kwanza. Anayekwambia mbwa hujitafutia anasema kweli kuhusu kinachotokea, si kuhusu bei yake. Mbwa anayejitafutia jalalani ndiye anayeleta kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaonekana hauna tiba. Kumfunga mnyororo usiku na mchana si jibu pia, kwa kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtwisha mwenye mnyama wajibu wa kumlinda na mateso. Kama huna uzio, huna mbwa. Kama unao, mlishe dona safi kwa dagaa au mifupa laini ya supu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti vyenye ncha na kutoboa utumbo. Na kuna tabia moja ya huku ambayo lazima ikome: mahindi yaliyoota ukungu kutengwa "ya mbwa". Sumukuvu haichagui, na ini la mbwa huathirika upesi mno. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yasiyofaa kwa mtoto hayafai kwa mbwa wake.

Pingamizi zito kuliko yote nimelihifadhi mpaka hapa. Watu watasema ada ya shule haijalipwa, bima ya afya haijakatwa, na wewe unazungumzia wanyama wa kuchezea. Nakubali kwamba kuna nyumba ambazo jibu sahihi ni kutofuga chochote mwaka huu, na si aibu. Lakini hoja hii hudhani kwamba kutofuga ndiyo hali ya kawaida, wakati ukipita mitaani utaona wanyama tayari wapo: paka juu ya kila ukuta, mbwa katika kila kona, simbilisi chini ya kabati. Tunafuga tayari, ila tunafuga bila hesabu. Nyumba inayomchukua mnyama mmoja anayelingana nayo na kumtunza inatumia hela kidogo kuliko nyumba inayochukua watatu wa bure na kuwaacha wazae, waugue na wafe mbele ya watoto. Wapo pia wanaohofia magonjwa, na hofu hiyo ina msingi. Minyoo ya mbwa na paka huingia kwa watoto wanaocheza kwenye mchanga. Mapunye huambukizwa kwa kugusana. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba kimelea kinachodhuru mimba, lakini kimelea hicho huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili wa paka kabla hakijaweza kuambukiza. Kwa hiyo beseni la mchanga likisafishwa kila siku, na mtu asiye mjamzito, hatari hupungua sana. Sabuni na maji baada ya kushika banda ni kinga ambayo kila nyumba inayo.

Sasa hela ile tuliyoihifadhi. Iende kwanza kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa mbwa na kwa paka, mara ya kwanza akiwa na miezi mitatu na kisha kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata kuhusu kampeni za chanjo zinazofanywa kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Mara nyingi wakati huo chanjo hutolewa bure au kwa bei ya chini. Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa jirani mnayemfahamu. Hela ya pili iende kwenye dawa ya minyoo, kwa mbwa na paka wakubwa kila miezi mitatu, wadogo mara nyingi zaidi kwa maelekezo ya mtaalamu. Ya tatu ni kuhasi. Hayo hayana mbadala wa kienyeji. Mengine yote, banda, malazi, vyombo, hata mkeka wa kulalia, tengeneza mwenyewe. Na usitibu kwa kubahatisha: kidonge kimoja cha panadol kinaweza kumuua paka, na dawa ya viroboto iliyoandikwa ya mbwa, au ile ya kuogeshea ng'ombe, humtia paka mtetemeko na kifo. Dukani, kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aina ya mnyama na uzito wake.

Ukienda kumchagua, nenda asubuhi, umwone anavyokula. Mshike. Simbilisi mzima ni mzito mkononi kuliko anavyoonekana. Aliye mwepesi, mwenye pua yenye ute au matako yaliyolowa, mrudishe. Kwa sungura fungua mdomo kidogo uone kama meno ya mbele yanakutana, kisha angalia ndani ya masikio. Maganda makavu humo ni ukurutu. Kwa paka, uchafu mweusi masikioni unaofanana na unga wa kahawa ni utitiri, unatibika, lakini ni hela yako. Usichukue mtoto wa paka au mbwa aliye chini ya wiki nane kwa sababu tu ni mzuri. Na yule anayekuletea mtoto wa tumbili, kasuku au kobe wa porini, mkatalie: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumiliki mnyama wa aina hiyo bila kibali. Milima yetu imebaki na viumbe wachache mno wa kuchezewa hivyo. Kipunji, aina ya tumbili wa Rungwe, alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005 tu, naye tayari yuko hatarini kutoweka.

Mwisho, kwa mpangaji. Kabla ya kuleta mnyama, ongea na mwenye nyumba na wenzako wa uani, na mkubaliane nani atamlisha ukisafiri. Simbilisi na sungura wanahitaji majani kila siku, hawawezi kuachiwa rundo la wiki nzima. Ukihama, wao huhama na banda lao na hawajali. Paka anajali. Msafirishe ndani ya tenga lenye mfuniko uliofungwa kamba, si ndani ya mfuko, na ukifika nyumba mpya mfungie ndani wiki mbili au tatu, ukimlisha saa zilezile, ndipo umfungulie mlango jioni kabla hajala. Ukimwachia siku ya kwanza atarudi alikotoka, na kama ulihama kutoka upande mmoja wa barabara ya Tunduma kwenda mwingine, atairudia barabara hiyo usiku.